KALAMU YA MPINGO

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Maana yake, kila kitu chema kina mtu aliyekitolea jasho, ijapokuwa mwenye kukitumia hamwoni. Mfano wake ni kalamu. Siku hizi kalamu nyingi hufanywa kwa mashine, maelfu kwa siku moja, na wino ukiisha hutupwa. Walakini wako mafundi wafanyao kalamu moja moja kwa mikono yao, kwa mti mgumu, na kalamu moja yaweza kuwatwaa nusu ya siku. Kazi yao huitwa kukereza, na mwenye kazi hiyo ni mkereza. Somo hili laeleza jinsi kalamu ya namna hiyo ifanywavyo kwa mti wa mpingo, na kwa nini mtu aufanyaye kazi mti huo hana ruhusa ya kufanya haraka.

1. Mti wenyewe

Mpingo ni mti mdogo, wenye miiba, uotao katika nyika. Mara nyingi haupiti kimo cha mita 15, na shina lake huwa limepinda. Mtu asiyeujua hupita karibu yake asigeuze shingo, kwa maana kwa nje hauna uzuri. Uzuri wake umefichwa. Chini ya gome mna tabaka nyembamba ya mti mweupe wenye umanjano; na ndani ya tabaka hiyo mna kiini, ambacho rangi yake ni nyeusi, au zambarau iliyokoza hata kukaribia weusi. Kiini hicho ndicho wakitafutacho mafundi.

Kiini cha mpingo ni kizito kuliko maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lakini kipande cha mpingo kilichokauka, chenye ukubwa ule ule, chapata kilo 1 na gramu 200 au zaidi. Kwa hiyo ukikitia katika ndoo ya maji hakielei, bali huzama kama jiwe. Sababu yake ni kwamba mti huu hukua polepole sana, na nyuzi zake zimebanana. Hutaka yapata miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kupasuliwa. Basi mpingo ukatwao leo huenda ulichipua kabla ya kuzaliwa babu zao watoto wausomao ukurasa huu.

Kwa ugumu wake na weusi wake mpingo una sifa katika nchi nyingi. Wamakonde, wakaao kusini ya Tanzania na kaskazini ya Msumbiji, huchonga sanamu zijulikanazo dunia nzima. Huko Ulaya na Marekani wafanyao zomari za namna ya klarineti na oboi huutumia kuliko mti mwingine wowote, kwa kuwa hauharibiki upesi kwa unyevu wa pumzi, na sauti yake ni njema. Kwa watu wa huko ni mti wa kigeni wa bei kubwa. Kwa watoto wa Kilwa na Nachingwea ni jirani tu.

Shina la mpingo likipasuliwa kwa ajili ya zomari, sehemu ndogo tu huonekana imenyoka, haina ufa wala kifundo. Iliyobaki hukataliwa. Lakini kalamu haitaki gogo. Kipande chenye upana wa sentimita 2 kila upande, na urefu wa sentimita 13, chatosha. Kwa sababu hiyo mkereza mwenye akili hatafuti mti wa kukata, bali hutafuta mabaki yaliyokataliwa na wengine, naye huweza kufanya kitu cha thamani kwa kile ambacho kingetiwa motoni.

2. Kuchagua na kukausha

Kwanza fundi hukitazama kipande chake pande zote. Ufa mdogo kama unywele utaonekana mkubwa kalamu itakapong'arishwa, tena waweza kuipasua kabisa. Kama kipande kina sehemu ya mti mweupe pamoja na kiini cheusi, si lazima akitupe. Mafundi wengine huuacha mstari huo mweupe kwa makusudi, uwe pambo.

Hapana budi mti uwe mkavu. Mti mbichi una maji ndani yake, na maji yakitoka mti husinyaa. Kalamu ikikerezwa kwa mti mbichi, baada ya wiki chache itapasuka kwa urefu wake. Mpingo hukauka polepole, na miisho yake hukauka kabla ya katikati, ndipo nyufa huanza hapo. Kwa hiyo mafundi hupaka nta kwenye miisho ya kipande, ili maji yatoke kidogo kidogo kwa pande zote, kisha hukiweka mahali penye kivuli na hewa. Kukausha huku kwaweza kuchukua miezi mingi. Gogo zima hukaa hata miaka.

3. Kutoboa na kutia mrija

Kipande kikiisha kukauka, fundi hukikata katikati kwa msumeno, kiwe vipande viwili: kimoja cha sehemu ya chini ya kalamu, kimoja cha sehemu ya juu. Huvitia alama, apate kuviunganisha tena mwisho kama vilivyokuwa, nyuzi za mti zikifuatana.

Halafu hukifunga kila kipande katika jiliwa na kukitoboa kwa keekee kutoka mwisho hata mwisho, katikati kabisa. Tundu la kalamu nyembamba lina upana wa milimita 7. Hapa ndipo mwenye pupa huharibu kazi. Keekee ikisukumwa kwa nguvu, mpingo hupata moto, na mti uliopata moto hupasuka. Kwa hiyo fundi hutoboa kidogo, akaitoa keekee, akaondoa unga wa mti, akaacha kipoe, kisha akaendelea.

Ndani ya tundu hilo huingizwa mrija mwembamba wa shaba ya manjano. Mrija huu ndio mfupa wa kalamu. Hauonekani, lakini ndio ushikao vyuma vyote vitakavyotiwa baadaye. Kabla ya kuuingiza, fundi huukwaruza kwa msasa, kwa maana gundi haishiki vema juu ya kitu laini. Tena mpingo una mafuta ya asili, nayo huizuia gundi; basi tundu hupanguzwa kwa dawa ikaukayo upesi, kama vile spiriti. Kisha hupaka gundi, huingiza mrija huku akiuzungusha ili gundi ienee, na kuviacha vipande vikauke.

Gundi ikiisha kukauka, miisho ya vipande hukatwa iwe sawa na mrija, tena inyoke kabisa. Mwisho ukienda upande hata kwa upana wa unywele, patabaki mwanya kati ya mti na pete ya chuma, na hakuna rangi wala nta itakayouficha.

4. Kazi ya kerezo

Kerezo ni chombo cha kuuzungusha mti, ili ukatwe na chuma kilichotulia. Hii ndiyo tofauti ya kukereza na kuchonga: mchonga sanamu huupeleka upanga wake kwenye mti, bali mkereza huuleta mti kwenye patasi yake. Ufundi huu si mgeni pwani. Huko Lamu miguu ya vitanda na viti ilikerezwa tangu zamani kwa makerezo yaliyoendeshwa kwa mkono, na watu walipenda kuipamba kwa rangi nyekundu na nyeusi. Siku hizi makerezo mengi huendeshwa kwa umeme, na kipande cha kalamu chaweza kuzunguka mara 2,000 au zaidi kwa dakika moja.

Vipande viwili huvishwa katika fimbo nyembamba ya chuma, na baina yao na kwenye miisho yao hutiwa pete za chuma. Pete hizi ndizo kipimo. Unene wa kila pete ni sawa na unene wa chuma kitakachokaa mahali pale katika kalamu. Fundi hukata mti mpaka ulingane na pete, wala asiipite.

Kabla ya kuliendesha kerezo, fundi huvaa miwani ya kukinga macho, na kitambaa au kifuniko cha pua na kinywa. Vumbi la mpingo ni jembamba sana. Watu wengine huwashwa ngozi kwa ajili yake, na likiingia kifuani hudhuru. Tena mikono mirefu ya nguo hukunjwa, na kitu cho chote kining'iniacho shingoni huondolewa, kisije kikanaswa na kumvuta mtu.

Mwanzo kipande ni cha pembe nne. Fundi hushika patasi ya mviringo, ambayo katikati yake mna mfereji, akaiegemeza juu ya chuma cha kuegemea, akaisogeza taratibu hata makali yaguse pembe. Kwanza husikika mlio wa kugongagonga, kwa sababu patasi hugusa pembe na kuruka nafasi. Kadiri pembe ziishavyo, mlio hupungua, na mwisho huwa sauti moja laini iendeleayo. Ndipo fundi ajuapo kwa sikio, kabla ya kutazama, ya kuwa mti umekuwa wa mviringo.

Mpingo hulevya makali upesi, yaani hufanya patasi kuwa butu. Mwanafunzi akiona patasi haikati, huisukuma kwa nguvu zaidi. Fundi hulisimamisha kerezo akaenda kunoa. Patasi butu haikati nyuzi bali huzing'oa, na mahali palipong'olewa hapana dawa. Mti uliobaki juu ya mrija, kwenye miisho, hauzidi milimita 1. Kosa moja dogo laonyesha shaba. Kwa hiyo, kadiri kalamu ikaribiavyo kumalizika, ndivyo mkono unavyozidi kuwa mwepesi.

5. Kusugua na kung'arisha

Kalamu ikiisha kupata umbo lake, kazi ya patasi imekwisha, na kazi ya msasa huanza. Msasa wa leo ni karatasi yenye chembe ngumu zilizobandikwa. Lakini jina lake limetoka kwa mmea wenye majani makavu yakwaruzayo, ambayo maseremala wa pwani waliyatumia kusugulia mbao kabla karatasi hizo hazijaletwa.

Misasa ina namba. Namba ikiwa ndogo, chembe ni kubwa na hukwaruza sana. Namba ikiwa kubwa, chembe ni ndogo. Fundi huanza kwa namba 150 au 220, akaendelea na 320, 400, hata 600 na zaidi. Kila msasa kazi yake ni kuondoa mikwaruzo ya msasa uliotangulia. Mtu akiruka namba moja ili aokoe dakika tano, mikwaruzo hubaki, na juu ya mti mweusi huonekana kuliko juu ya mti mweupe. Kila baada ya msasa mmoja fundi hulisimamisha kerezo, akasugua kwa urefu wa kalamu kwa kufuata nyuzi, ili kuiondoa mistari ya kuzunguka. Kisha hupangusa vumbi lote. Na kama ameuacha ule mstari mweupe, hufanya hivyo kwa uangalifu zaidi, maana vumbi jeusi la kiini huingia katika mti mweupe na kuutia madoa.

Baada ya msasa hutiwa kitu cha kulinda. Mafundi wengine hutumia shelaki, ambayo ni utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi ulioyeyushwa katika spiriti. Wengine hutumia nta. Nta ya nyuki ni njema lakini ni laini. Nta itokayo katika majani ya mnazi fulani wa mwitu wa Brazili ni ngumu zaidi, nayo hustahimili jasho la vidole. Dawa hiyo hupakwa wakati kalamu inapozunguka, na joto la msuguano huikausha. Hapo nako kuna hatari: kitambaa kisizungushwe kidoleni kamwe, kwa maana kikinaswa huvunja kidole. Mafundi huona afadhali kutumia karatasi laini, ambayo ikinaswa hukatika.

Mpingo hautaki dawa nyingi. Nyuzi zake zimebanana hata mti wenyewe hung'aa ukisuguliwa vema. Mng'ao wa kweli hutoka katika msasa. Nta huulinda tu. Kosa lililoachwa chini ya nta halifichwi, bali huonyeshwa wazi zaidi.

6. Kuunganisha

Mwisho wa kazi ni kuunganisha. Vyuma vya kalamu ni vichache: ncha, kifaa cha kuzungusha kitoacho na kurudisha ncha ya wino, pete ya katikati, kibanio cha kushikia mfukoni, na kifuniko cha juu. Hivi husukumwa ndani ya mirija ya shaba kwa jiliwa lililowekewa vipande vya mti laini, ili chuma kisikwaruzwe.

Kifaa cha kuzungusha ndicho kitakacho uangalifu. Kikisukumwa kidogo mno, wino hautoki nje. Kikizidi, ncha hukaa nje siku zote, tena kukivuta ni shida kubwa. Fundi hukisukuma kidogo, hutia wino na kujaribu, hukisukuma tena kidogo. Kisha huzitazama alama zake, huunganisha nusu mbili ili nyuzi zifuatane, na kalamu imekwisha. Huandika mstari mmoja kuijaribu.

7. Deni la mkereza

Kalamu hiyo imetwaa nusu ya siku ya fundi, lakini imetwaa karibu miaka 100 ya mti. Hesabu hii ndiyo ya kukumbukwa. Mpingo mwingi ukikatwa, na michache kupandwa, na mioto ya nyika kuichoma miche kila mwaka, watu wa baadaye hawataupata. Tangu mwaka 2017 mataifa yamepatana kwamba mpingo, pamoja na miti mingine ya jamaa yake, usivushwe mipaka ya nchi kwa biashara ila kwa kufuata masharti ya vibali.

Lakini sheria peke yake haioteshi mti. Huko Texas, Marekani, alikuwako mkereza jina lake James Harris, aliyeutumia mpingo katika kazi yake. Alitazama filamu iliyoeleza habari za mti huo, akamwona humo Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, aliyekuwa akiwafundisha watoto wa shule kupanda miti. Akamwandikia. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja kazi ya kuuhifadhi mpingo, na marehemu Chuwa akaotesha miche mingi sana, ya mpingo na ya miti mingine, pamoja na shule na vikundi vya wanawake. Yule aliyetumia mti aliona ya kuwa ana deni, akaanza kulilipa.

Katika wilaya ya Kilwa wanavijiji walishika njia nyingine. Walipewa haki ya kuitunza misitu yao wenyewe na kuuza mpingo kwa kiasi, wakijua idadi ya miti iliyosimama na idadi iwezayo kukatwa bila kuumaliza msitu. Mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole ulikuwa mmoja wa misitu iliyopata cheti cha kimataifa cha FSC, chenye kushuhudia kwamba msitu watunzwa vema. Zamani mgeni alikata na kwenda zake. Sasa fedha za mti huingia kijijini, na mwenye kijiji ana sababu ya kuuzima moto wa nyika.

Mche wa mpingo uliopandwa mwaka huu hautamfaa aliyeupanda. Mizizi yake italisha udongo na majani yake yataliwa na mifugo, lakini kiini chake cheusi kitamngoja mtu ambaye hajazaliwa. Fundi wa kweli hulijua jambo hili kila ashikapo patasi, ndiyo sababu hafanyi haraka, wala hatupi kipande kidogo ambacho chaweza kuwa kalamu.

MASWALI

1. Kwa nini mpingo huzama majini?
2. Fundi hupaka nta kwenye miisho ya kipande kwa sababu gani?
3. Eleza tofauti ya kuchonga na kukereza.
4. Mkereza ajuaje kwa sikio kwamba mti umekuwa wa mviringo?
5. Kama kalamu moja hutwaa vipande viwili vyenye jumla ya sentimita 13, ubao mwembamba wenye urefu wa mita 1 na sentimita 4 utatoa kalamu ngapi?
6. Taja hatari tatu za kazi hii, na jinsi fundi ajikingavyo na kila moja.
7. Tafuta katika mtaa wako mti mmoja ukuao polepole. Uliza wazee unafaa kazi gani, na nani aliupanda.